Kwa nini mgonjwa afe ndipo mfiwa apone? Uzi kuhusu filamu za mapenzi ya vijana

Shangazi wa Lanet
Hamjambo wanajukwaa. Binti ya kaka yangu yuko nyumbani kwa likizo, na jioni zake zote ni filamu za mapenzi ya wanafunzi wa sekondari, zile ambazo mmoja ana msiba usiotaka kumtoka na mwenzake ana ugonjwa wa akili ambao hakuna anayeutaja. Badala ya kumfokea niliamua kuketi naye tutazame pamoja, na sasa nina dai ambalo ningependa mlipime.

Katika All the Bright Places, iliyotoka Netflix mwezi wa Februari 2020, Violet amefiwa na dada yake katika ajali ya barabarani na hataki hata kupanda gari. Finch, mvulana wa shuleni kwake, anamtoa ndani, anamzungusha jimbo la Indiana kwa kisingizio cha kazi ya shule, na taratibu msichana anaanza kucheka tena. Wakati huo wote Finch anazama, wala hakuna anayemzungusha yeye popote. Mwishowe anafariki, na Violet anasimama mbele ya darasa kueleza yale aliyojifunza kutoka kwake. Ninachodai ni kwamba filamu hizi humfanya mgonjwa kuwa dawa ya mfiwa, na dawa ikishamezwa chupa hutupwa. Kama nimeona vibaya, nionyesheni.

Duka la Kondele
Salamu, shangazi. Mimi nina duka la muvi hapa Kondele, na jibu langu ni la mfanyabiashara. Shule zikifungwa, wanafunzi huja na flashi zao nizijaze, na wasichana wakisimama kwenye kaunta hawaniulizi jina la filamu wala la mwigizaji, bali wananiuliza kama ni ya kulia. Nikijibu kwamba mwisho wake ni mzuri, flashi inarudi mfukoni. A Walk to Remember ilitoka 2002, kabla baadhi ya wateja hawa hawajazaliwa, na hadi leo inaulizwa, kwa sababu yule binti ana saratani ya damu. The Fault in Our Stars ya 2014 ni saratani tena. Watazamaji walipoizoea saratani, watengenezaji wakahamia ugonjwa wa akili. Biashara ni ile ile, wamebadilisha wodi tu.

Mwalimu wa Lurambi
Ndugu wa Kondele, hoja ya soko ina uzito wake, lakini mfuatano wa miaka unaikataa. The Perks of Being a Wallflower ilikuwa riwaya mwaka 1999, na Stephen Chbosky, mwandishi wake, akaiongoza mwenyewe kama filamu mwaka 2012, miaka miwili kabla ya hiyo ya pili ya saratani uliyoitaja. Kwa hiyo hakuna wodi iliyofuata nyingine. Zote zilikuwa wazi kwa pamoja.

Filamu hiyo pia inatikisa dai la shangazi. Charlie ni mgonjwa na ni mfiwa kwa wakati mmoja: rafiki yake alijiua kabla hadithi haijaanza, shangazi yake alifariki kwa ajali, na chini ya huzuni hiyo kuna jeraha la utotoni ambalo yeye mwenyewe halikumbuki vizuri hadi karibu na mwisho. Anazidiwa, analazwa hospitalini, anatibiwa na anatoka. Hakuna aliyekufa ili mwingine ajifunze. Hata hiyo ya Violet na Finch naona inawatendea haki wote wawili kwa usawa, tangu pale wanapokutana juu ya mnara wa kengele.

Nyar Nyalenda
Mwalimu ameanza kusahihisha madaftari hata siku ya Jumapili.

Mimi naona chanzo ni watu wazima wasioonekana. Nyumbani kwa Finch anayeonekana zaidi ni dada yake, Kate. Baba ni kumbukumbu mbaya, na mama ni kama hayupo. Watoto wanaachiwa kazi ya daktari, halafu tunashangaa mmoja akifa mikononi mwa mwenzake. Na tusidhani kwamba hayo ni ya Marekani peke yake. Nilipokuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, mwenzetu mmoja aliacha kula, akaacha kuoga, na usiku alikuwa akiketi kitandani akitazama mlango. Tuliahidiana kutomwambia mtu yeyote. Tulimfulia sare, tukamwandikia maandishi ya somo la asubuhi kwa mwandiko wa kuiga wake, na kwenye mstari wa kuhesabiwa tulimshika mkono pande zote mbili ili asiyumbe. Tuliona huo ndio upendo. Matroni alipogundua, tulimchukia kwa kuvunja siri yetu, ingawa yeye ndiye aliyempeleka hospitalini. Dada yule yuko hai, ana watoto, na hatujawahi kuzungumza habari hizo hata mara moja.

Muuguzi wa Zamu
Asante, Nyar Nyalenda, kwa kusema hayo. Ninafanya kazi katika kliniki ya afya ya akili huku Kakamega, na kabla sijaendelea naomba tusieleze hapa namna mtu yeyote alivyojiua, awe wa filamu au wa kijijini kwetu. Hoja zetu hazipungukiwi na chochote tukiyaacha hayo.

Katika riwaya ya Jennifer Niven, ambayo ndiyo mama wa filamu hiyo, mshauri wa shule anautaja ugonjwa wa Finch kuwa ni baipola, yaani ule unaompandisha mtu juu kupita kiasi kisha ukamwangusha. Ukijua hilo, itazameni upya filamu. Kijana halali, anakimbia usiku, anajaza ukuta wa chumba chake vikaratasi vya mawazo, anaibuka na mipango mikubwa ya ghafla, anasema mambo ambayo hakuna mvulana mwingine wa darasa anayethubutu kuyasema. Yale yale ambayo msichana anayapenda ndiyo ambayo mimi ningeyaandika kwenye faili. Filamu inayapiga muziki wa mapenzi, na mtazamaji wa miaka kumi na sita anaondoka akijua kwamba mvulana wa namna hiyo anavutia, bila kujua kwamba kuna siku hizo hizo ambazo angehitaji kupelekwa kliniki.

Tiba yenyewe haipendezi kwenye skrini. Mgonjwa anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, hupimwa damu mara kwa mara, kwa sababu kiasi kinachosaidia hakiko mbali na kiasi kinachodhuru. Dawa za unyogovu huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajahisi nafuu, na mara nyingi madhara madogo madogo hutangulia nafuu hiyo. Sijui mwongozaji gani angetaka kuonyesha wiki nne za mtu kulalamikia kinywa kikavu.

Jirani wa Section 58
Mwalimu, mnara wa kengele uko katika riwaya. Katika filamu wanakutana darajani, mahali pale pale dada yake Violet alipofia. Silisemi hili kwa ajili ya kuchokoza, kwa sababu mabadiliko hayo yanabeba hoja yote ya shangazi. Katika riwaya wote wawili wako ukingoni, kila mmoja kwa sababu zake, na shule nzima inaamini kwamba Violet ndiye aliyemwokoa Finch. Katika filamu, msichana ndiye aliye hatarini, na kijana anapita tu akifanya mazoezi ya kukimbia, anamwona, anapanda naye. Kwa hiyo tangu dakika ya kwanza tumeambiwa kwamba mgonjwa ni Violet na mwokozi ni Finch. Hatari ya kijana imeondolewa mwanzoni ili itushtue mwishoni. Hayo si usawa, mwalimu.

Na tusikimbilie kulaumu watu wa Hollywood wasiosoma vitabu, kwa maana Niven mwenyewe alishiriki kuandika mswada wa filamu pamoja na Liz Hannah.

Mwalimu wa Lurambi
Nimepokea kuhusu daraja. Hata hivyo umeleta ushahidi unaoweza kugeuzwa. Niven ameeleza katika kitabu chenyewe kwamba aliwahi kumpenda kijana aliyekuwa na ugonjwa huo na ambaye alijiua. Anayeandika ni aliyebaki. Hawezi kuandika kutoka ndani ya kichwa cha aliyeondoka bila kubuni, na anachokijua kwa hakika ni kazi ya kubaki. Shangazi anaona mgonjwa ametumiwa, mimi naona mfiwa anajaribu kumpa marehemu kazi moja ya mwisho ili kifo chake kisiwe bure. Hata matangani kwetu hatufanyi vinginevyo. Ni nani aliyewahi kusikia hotuba ya mazishi isiyosema marehemu alitufundisha nini?

Shangazi wa Lanet
Mwalimu, hotuba ya mazishi haitozi kiingilio. Lakini hilo la aliyebaki kuwa ndiye msimulizi nimelisikia, na linanisumbua.

Kijana wa Siaya
Naomba niingie hapo penye matanga. Kaka yangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Tulimzika nyumbani Jumamosi, na siku zote kabla ya hapo mimi nilikuwa mtu wa viti: kubeba viti kutoka kanisani, kupanga viti, kuhesabu viti vya kukodi, kutafuta kiti kimoja cha plastiki ambacho mwenyewe alidai hakikurudi. Watu walinipa pole huku wakiniuliza maji ya kunawa yako wapi. Jumatatu nilikuwa darasani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya; kwetu kijana huonyeshwa upendo kwa kupewa kazi ya kufanya, na siwezi kusema kwamba kazi ile haikunisaidia kusimama.

Lakini nilipoitazama filamu ambayo msichana anaruhusiwa kutofanya lolote kwa miezi kadhaa, akakataa gari, akakataa sherehe, na mzazi wake akasimama mlangoni akimwuliza kama amelala, nililia kwa wivu. Kwa hiyo nadhani sababu ya filamu hizi kupendwa huku kwetu si kifo. Ni ule muda ambao mtu anapewa.

Nyar Nyalenda
Pole sana, ndugu. Kile kiti cha plastiki nimekijua kabisa.

Omwana wa Mumias
Pole, ndugu yangu. Ila mkisema matanga yetu hayana mapenzi ya vijana mnatuonea. Filamu ya huku ingeanzia kwenye disco matanga, yaani dansi ya usiku penye msiba, jenereta ikinguruma, chifu akiwa ametangaza marufuku kwa mara nyingine na hakuna aliyemsikia. Nina binamu wasiopungua wawili ambao wazazi wao walikutana kwa marehemu mmoja.

Mzee wa Vihiga
Disco matanga zilipigwa marufuku kwa sababu watoto wa shule walikuwa wakirudi nyumbani na mimba, Omwana wa Mumias, kwa hiyo tusizifanyie mzaha sana. Nirudi kwenye mada. Nilipokuwa mdogo, mtu aliyejitoa uhai katika kijiji chetu alizikwa kabla jua halijachomoza, bila hotuba na bila wageni, na sisi watoto tulikatazwa kulia. Mama yake alilia baadaye, shambani, akiwa amejifanya analima. Nasoma kwamba vijana wa leo wanaona kifo cha namna hiyo katika filamu kikiwa na maua, muziki na darasa zima likitokwa machozi. Sina hakika ni lipi baya zaidi. Sheria nayo inasema anayejaribu akinusurika ashtakiwe, na hilo sijawahi kulielewa.

Jirani wa Section 58
Mzee wangu, hapo sheria imesogea. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ndicho kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Mzee wa Vihiga
Asante, mwanangu. Habari njema huchelewa kupanda milima ya kwetu.

Msomaji wa Milimani
Mnazungumza kana kwamba filamu hizi hazina madhara. Msururu wa 13 Reasons Why ulipotoka mwisho wa Machi 2017, uliionyesha waziwazi ile sehemu ambayo Muuguzi ametuomba tusiieleze. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 uliona kwamba mwezi wa Aprili 2017 vifo vya kujiua miongoni mwa vijana wa miaka 10 hadi 17 vilizidi kiwango kilichotarajiwa kwa takriban asilimia 28.9. Julai 2019 Netflix iliikata sehemu hiyo. Jambo lenyewe si geni: mwaka 1974 mwanasosholojia David Phillips aliupa uigaji wa namna hii jina la Werther, yule kijana wa riwaya ya Goethe ya 1774 aliyejiua kwa ajili ya mapenzi na, kama ilivyoaminika, akaigwa na wasomaji hata kitabu kikapigwa marufuku katika baadhi ya miji. Kwa maoni yangu filamu hizi zote zingepewa daraja la 18 na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, mazungumzo yakaishia hapo.

Mwalimu wa Lurambi
Daraja la 18 litasomwa na nani, Duka la Kondele?

Duka la Kondele
Mwalimu, mimi ni mtu mzima na ninalisoma vizuri sana. Anayelipuuza ni simu.

Jirani wa Section 58
Msomaji, takwimu hizo zina nusu ya pili. Ongezeko hilo lilionekana wazi kwa wavulana, ilhali mhusika aliyejiua katika msururu ni msichana, jambo ambalo halilingani na nadharia ya kuiga mtu anayefanana nawe. Mtafiti Daniel Romer alizichambua upya takwimu zile zile, akazingatia kwamba idadi hiyo ilikuwa tayari ikipanda kwa miaka kadhaa, na athari kwa wavulana hakuiona. Wataalamu hawajakubaliana, na sisi tusijifanye tumekubaliana kwa niaba yao.

Muuguzi wa Zamu
Hata hivyo tahadhari si kosa, na Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo kwa watengenezaji wa filamu kuhusu namna ya kuyaonyesha haya. Kuna pia upande wa pili wa sarafu. Mwaka 2010 watafiti wa Austria walieleza kwamba habari za mtu aliyefika ukingoni kisha akapata njia nyingine ziliambatana na kupungua kwa vifo, wakaliita jambo hilo kwa jina la Papageno, mhusika wa opera ya Mozart anayekatazwa na watoto watatu asijidhuru. Ndiyo maana ningependa vijana watazame Words on Bathroom Walls ya 2020. Adam ana skizofrenia, ugonjwa wa kusikia na kuona yasiyokuwapo, anataka kuwa mpishi, dawa zinamsumbua hadi jikoni, anaziacha, mambo yanaharibika, na mpenzi wake hamponyi, ingawa hamkimbii. Siku ya mahafali anasimama na kuutaja ugonjwa wake kwa jina. Anaishi.

Kwa anayesoma uzi huu akiwa katika hali ngumu: 1199 ya Msalaba Mwekundu hapa Kenya hailipishwi, na mtoto anaweza kupiga 116.

Binti wa Kaka
Shikamooni wote. Mimi ndiye binti anayezungumziwa, na shangazi alisahau kuwaambia kwamba alilia kuliko mimi na akasimamisha filamu mara nyingi ili anieleze kitu ambacho mwigizaji alikuwa karibu kukieleza.

Mnasema tunapenda kifo. Chemical Hearts ya 2020 ina msichana, Grace, ambaye mpenzi wake alifariki kwa ajali, na mvulana, Henry, anayedhani kwamba akimpenda vya kutosha huzuni itaisha. Haiishi. Hakuna anayekufa tena. Wanaachana tu kwa sababu msichana bado yuko kwenye msiba wake. Hiyo ndiyo niliyoipenda, na ni mimi peke yangu darasani. Wenzangu walisema haina mwisho. Kwa hiyo Duka la Kondele yuko sahihi kidogo, ila asisherehekee.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni kwamba mimi sizitazami ili nijifunze ugonjwa, wala ili nipate mvulana wa kuokoa. Nazitazama kwa sababu watu wa rika langu mle ndani wanakamilisha sentensi inayoanza na "sijisikii vizuri". Mimi nikiianza, mtu ananiuliza kama nimekula.

Shangazi wa Lanet
Ulikuwa hujala.

Nyar Nyalenda
Shangazi!

Binti wa Kaka
Nina swali kwa Muuguzi. Shuleni kwetu mwalimu wa ushauri nasaha ndiye huyo huyo anayetufundisha hesabu na ndiye anayeadhibu wachelewaji. Rafiki akiwa kama yule mwenzake Nyar Nyalenda wa bwenini, nimwambie huyo?

Mwalimu wa Lurambi
Binti, mimi ni mwalimu wa aina hiyo hasa. Nilipewa idara ya ushauri nasaha kwa sababu nilikuwa mgeni na sikuwahi kukataa kitu, juu ya vipindi vyangu vyote. Kama ningechagua, kofia hizo mbili zisingekaa kichwani kwa mtu mmoja. Hata hivyo ningependa uniambie.

Muuguzi wa Zamu
Mwambie mtu mzima yeyote anayeweza kumfikisha hospitalini: matroni, mwalimu wa dini, mzazi wa siku ya kutembelea. Usingoje mpaka umpate anayefaa kabisa, na usiahidi kutunza siri kabla hujaisikia. Mkabidhi na uendelee kuwa rafiki yake, kwa kuwa kazi ya pili si ya kliniki na hatuwezi kukusaidia.

Jirani wa Section 58
Hapo ndipo nisipokubaliana nawe, Muuguzi, angalau kwa upande wa filamu. Binti akifuata ushauri wako, hadithi inakwisha dakika ya ishirini. Finch akipelekwa kliniki mapema hakuna filamu, na shangazi hana uzi.

Muuguzi wa Zamu
Njoo kliniki siku yoyote uone kama hadithi huisha mtu akishafika. Pale ndipo familia huanza kubishana nani atalipa nauli ya kurudi mwezi ujao, mgonjwa huanza kuficha vidonge, na mpenzi wake, kama yupo, huketi kwenye benchi nje akiwa hajui kama anaruhusiwa kuingia. Mapenzi ya kutosha filamu tatu yako kwenye benchi hilo.

Duka la Kondele
Mkiitengeneza hiyo, leteni kwangu kwanza. Ila semeni mapema kama anakufa, kwa sababu wateja wataniuliza.